Mabenchi Yanayotazamana

Mwezi uliopita tulimzika Mzee Msengi pale Kinyangiri, na muda wote wa ibada nilikuwa nasonya kimoyomoyo. Si kwamba sikuwa na huzuni. Nilikuwa nayo, tena nyingi. Kilichonikera ni wale waliosimama kumwelezea marehemu. Mmoja baada ya mwingine walishika kipaza sauti wakasema mzee alikuwa msemaji, mzee alikuwa simba wa mikutano, mzee hakuogopa mkubwa yeyote, mzee ndiye aliyewatetea wazee wenzake alipokuwa mwenyekiti wa kamati yao. Kijana mmoja mwenye suti iliyombana mabega alisema, "Mzee wetu huyu hakuwahi kunyamaza," na watu wakacheka kile kicheko cha msibani, cha kuziba mdomo kwa kiganja. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki karibu na masufuria ya wapishi, nikitamani kusimama niseme kwamba si kweli. Mzee Msengi aliwahi kunyamaza. Nilikuwepo, nilimwona, na kwa jinsi alivyokuwa amenichosha na maneno yake mwaka ule, kunyamaza kwake siwezi kukusahau. Lakini nani anabishana na mwenye suti msibani? Nimerudi kwangu Singida Mjini, nimechemsha chai, nimekaa nayaandika.

Mwaka wenyewe nilikuwa binti wa mradi. Ndivyo nilivyoitwa, binti wa mradi, kana kwamba mradi ndio ulionizaa. Siku hizo Kinyangiri ilikuwa bado chini ya wilaya ya Iramba, na shirika moja dogo la mjini lilikuwa limepata mfadhili wa kutetea haki za wazee. Wakanipa baiskeli, koti la mvua, na ofisi ndani ya ghala la zamani la ushirika lililonuka alizeti na mikojo ya panya. Kazi yangu ilikuwa kuzunguka kwenye nyumba za wazee nijue nani anaumwa, nani amelala na njaa, nani amenyang'anywa shamba na wapwa zake, kisha niyapeleke hayo kwenye kamati ya wazee wenyewe ili waamue la kufanya. Hilo la mwisho ndilo lililonitoa mvi kabla ya wakati. Aliyesema penye wazee hapaharibiki neno hakuwahi kuhudhuria kikao cha kamati yetu. Salamu peke yake zilikula asubuhi nzima, maana kila aliyeingia alipaswa kuamkiwa na kila aliyekuwa mdogo kwake, na kabla ya kuamkiana ilibidi kwanza wabishane nani mdogo. Chai ikifika, Mzee Msengi alisimama, akaegemea fimbo yake, akasafisha koo. "Wazee wenzangu, haki haiombwi!" Nikamwambia, "Babu mwenyekiti, ajenda ni paa la Mzee Yusufu, linavuja." Akasema, "Nakuja huko, binti. Kwanza tuelewane, haki ni nini?" Tukaelewana haki ni nini mpaka chapati zikaisha, na Mzee Yusufu akarudi kulala chini ya paa linalovuja. Hata hivyo nimpe stahili yake. Paa hilo lilikuja kuezekwa, na lililoliezeka ni domo lake: alikwenda ofisini kwa wakubwa akasimama mlangoni akiongea, wakaona heri wampe bati kuliko kuendelea kumsikiliza.

Nilipanga chumba kwa Bibi Naomi. Nyumba yake ilikuwa tembe ya zamani, paa la udongo bapa, ndani giza na ubaridi hata jua likiwa la kuchoma nyasi. Chumba changu kilipakana na zizi, kwa hiyo nilizoea kusinzia nikisikia mbuzi wakicheua upande wa pili wa ukuta. Alinipikia yeye, ingawa nilimkataza. Ugali wa uwele na mlenda, siku za neema maziwa ya mgando kutoka kwenye kibuyu kilichofukizwa moshi, na mimi wa mjini niliyezoea sembe nyeupe nikajifunza kunyamaza na kula. Alikuwa anapika kwa kupapasa. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili, mboni zimekuwa nyeupe, mchana akiona mwanga na vivuli tu. Siku moja alitumbukiza vidole kwenye uji unaochemka akidhani anatafuta kifuniko. Nilikasirika. "Bibi, si ungeniita?" Akanijibu huku amevishika vidole ndani ya maji ya mtungi, "Nikuite kwamba nimepotea ndani ya nyumba yangu?" Ndivyo alivyokuwa. Ukimpa msaada anaukagua kwanza kama mnunuzi wa kuku gulioni, anaubonyeza huku na huku, kisha anakurudishia.

Mwanawe wa kike alikuwa Mama Yona, ameolewa palepale kijijini, na aliyemwoa ni huyohuyo Mzee Msengi. Hapa lazima nieleze, maana vijana wa leo nawaona wanampiga mama mkwe busu la shavuni kwenye harusi na mimi nageuka kuangalia ukuta. Kwa watu wa Kinyangiri wa wakati ule, na hata kwetu Wanyaturu, mwanamume na mama mkwe wake hawakutazamana uso. Hawakukaa benchi moja, hawakula pamoja, hawakuwa chini ya paa moja, hawakutajana majina. Wakikutana njiani, mmoja aliingia kwenye vichaka akageuza mgongo hadi mwenzake apite. Wala si ugomvi. Ilikuwa heshima, tena ile ya juu kabisa, kwa sababu huyu ndiye aliyekuzalia mke. Bibi Naomi alimwita mkwewe "baba Yona" basi, na hiyo ni pale alipolazimika sana. Na kwa kuwa Mzee Msengi alimjali mkwewe na hakuwa mtu wa kukaa na neno tumboni, alikuja kila juma akasimama nje ya boma, mgongo umeelekea nyumba, akapaza sauti: "Binti wa mradi! Mwambie mwenye nyumba fito za zizi zimeoza, kesho naleta nyingine!" Bibi alikuwa ndani, ameshasikia kila neno. Lakini hakujibu mpaka nimwambie. Nikamwambia. Akasema, "Mwambie huyo aliyeko nje aniletee na kamba." Nikatoka, nikamwambia aliyeko nje aliyekuwa ameshasikia. Siku ambazo sikuwepo walipitishia maneno yao kwa mbuzi, na nasikia mbuzi hawakulalamika kama mimi.

Basi kwenye kijiji cha namna hiyo, mratibu wetu alileta benchi. Mratibu alikuwa kijana wa mjini mwenye kalamu mbili kwenye mfuko wa shati. Mfadhili alikuwa amesema wazee wasisimame kwenye foleni ya zahanati, na hilo lilikuwa jambo jema kabisa. Likachongwa benchi moja refu la mninga, likapakwa rangi ya buluu, likaandikwa WAZEE TU, likawekwa kwenye baraza chini ya dirisha la dawa. Siku ya kliniki wazee walikuja kwa wingi. Hakuna aliyekaa. Mmoja alisimama nyuma ya tangi la maji, mwingine karibu na choo, wengine wamesambaa kwenye uzio kila mmoja ameangalia upande wake kama waliogombana, jua linawachoma vichwa, na benchi tupu linang'aa kivulini. Mratibu akanivuta kando. "Mbona hawakai? Wanaogopa rangi?" Nikamwambia, "Wengi ni wakwe." Akauliza, "Wakwe wa nani?" Nikasema, "Wao kwa wao. Hawa wameoana hapahapa tangu enzi za babu zao." Akaguna. "Kwa hiyo tulete benchi kwa kila ndoa?" Nikamwomba benchi lile likatwe katikati, nusu moja iwekwe upande wa mbele na nusu upande wa nyuma. Akakataa, kwa sababu lilikuwa limeshapigwa picha likiwa refu. Kinachonichoma hadi leo ni kwamba mratibu mwenyewe alikuwa Mnyaturu mwenzangu. Alikuwa na mama mkwe kule Ikungi ambaye hajawahi kumtazama usoni hata mara moja, na akienda kusalimia alilala kwa jirani. Haya yote aliyajua. Ila akishachomeka zile kalamu mfukoni, alisahau alikotoka. Benchi likaishia kukaliwa na vijana waliokuja kutazama wasichana.

Siku hizi mimi mwenyewe ninakaribia sitini, na zahanati ya mtaani kwetu ina dirisha la wazee. Nikifika, yule dada wa mapokezi ananiita kwa sauti ya kubembeleza watoto, "Bibi, njoo, bibi, pita hapa, pole pole." Pole pole ya nini? Nimekuja kwa baiskeli. Nataka kumkaripia, halafu namkumbuka Bibi Naomi na vidole vyake vilivyoungua, napita. Nimeanza kuelewa kwamba anayetetewa naye huchoka. Mwanangu wa Dodoma kila akipiga simu anasema, mama, hamia huku, una kazi gani huko peke yako. Nasema nitafikiria. Sifikirii.

Lakini Bibi Naomi hakuwa na nafasi ya kusema atafikiria. Hilo nililisikia nikiwa chumbani kwangu, kwa sababu katika tembe ukuta hauzuii neno. Ilikuwa baada ya yale mambo ya uji. Mama Yona alikuja kumfunga vidole dawa, wakaanza kwa Kinyiramba, wakachanganya na Kiswahili kama walivyozoea walipotaka nami nisikie. "Kwangu huwezi kuja, mama," Mama Yona akasema. Bibi akajibu, "Kwako nitaingiaje? Mumeo atahamia juu ya mti?" Nikasikia kitambaa kikichanwa. "Basi Daudi anakuja baada ya mavuno akuchukue," akasema Mama Yona, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka kuwa katikati. Daudi alikuwa kaka yake, anaishi Tabora, chumba kimoja cha kupanga na watoto wamejaa. Bibi akajibu, "Hapa nalijua kila jiwe. Huko nitakuwa mzigo unaokohoa pembeni. Mniache niungue hapa." Mama Yona akaanza kulia, na bibi akamwambia aache, asije akalowesha dawa. Mimi nilikuwa nimelala chali naangalia fito za dari, nikijua hakuna haki yoyote ya mzee ningeweza kuisimamia ikazidi hiyo: bikizee mmoja abaki kwenye nyumba yake. Na njia ilikuwa moja tu, aone.

Kwa hiyo kiangazi habari zilipofika kwamba madaktari wa macho watakuwa hospitali ya mjini kwa juma moja, wanatoa mtoto wa jicho, sikulala kwa furaha. Mzee Msengi ndiye aliyepigania gari. Alikwenda mjini, akasimama mlangoni kwa mratibu, akaongea. Tukapewa Landrova ya mradi, safari moja ya kwenda na moja ya kurudi, na wazee wenye shida ya macho wakapata nafasi. Yeye mwenyewe alikuwa mmoja wao. Jicho lake la kushoto lilikufa zamani kwa kuchomwa na mwiba, na hilo la kulia lililobaki lilikuwa linaingia ukungu. Nilifurahi. Nikamshukuru Mungu na mwenyekiti. Kosa langu lilikuwa kutokulifikiria gari lenyewe.

Mtu aliyepanda zile Landrova za zamani anajua zilivyo. Nyuma kuna mabenchi mawili marefu ya ubavuni, yanatazamana, na abiria wanakaa magoti kwa magoti, kila mtu ameelekezewa uso wa mwenzake kutoka mwanzo wa safari hadi mwisho. Kama shetani angepewa kazi ya kutengeneza gari la wakwe, angetengeneza hilo. Asubuhi ile dereva, mtu mmoja anaitwa Juma, aliwasha injini mapema akidhani tutaondoka. Mzee mmoja akapanda, akamwona aliyemo, akashuka. Mama mmoja akapanda, wawili wakashuka. Nikawapanga upya, huyu nyuma, yule mlangoni, huyu amgeuzie mgongo yule, na kila nikimaliza anatokea mtu ambaye shemeji yake ndiye baba mkwe wa aliyeketi. Juma akazima injini. "Dada, unapakia wazee au unapanga vyungu?" Nikakimbia nyumbani, nikachukua shuka la kitandani kwangu, nikalifunga kutoka kwenye bomba la mbele hadi la mlangoni, likawa pazia katikati ya gari. Wazee wakalikagua, wakashauriana, wakaridhika. Wakapanda. Nikageuka kumtafuta Bibi Naomi.

Alikuwa amesimama pembeni ya ghala, amejifunika kanga kichwani hadi puani, ameelekea ukutani. Mzee Msengi alikuwa ameshakaa kiti cha mbele karibu na dereva, kiti cha mwenyekiti, fimbo katikati ya magoti. Nikamwambia, "Bibi, yeye yuko mbele, wewe unakaa nyuma kabisa, na shuka nimefunga." Akatikisa kichwa. "Gari ni nyumba. Lina mlango na lina dari." Jua lilikuwa linapanda, wazee ndani ya gari wameanza kulalamikia joto, na mimi uvumilivu ukaniishia. Nikasema kwa sauti ambayo sikuwahi kumtolea mkubwa, "Bibi, wewe humwoni yeye. Yeye naye hakuoni. Mnaoneana aibu gani, jamani?" Hakukasirika. Alinijibu taratibu, bado ameelekea ukuta. "Heshima haikai machoni, mjukuu wangu. Ingekuwa inakaa machoni, vipofu wote wangekosa adabu." Nilitaka kulia. Nikaenda mbele, nikafungua mlango. "Babu, shuka ukae nyuma ya pazia na wengine, labda atakubali apande huku mbele." Akaanza. Mwenyekiti hawezi kupangiwa kiti na mtoto, mwenyekiti ndiye aliyelileta gari, haki ya mzee ni kuheshimiwa. Wala haikuwa dawa hata angehama, maana gari lingebaki lilelile na dari lilelile, lakini nilikuwa nimeshachanganyikiwa. Nikampigia kelele mbele ya watu wote. "Madaktari wanaondoka mwisho wa juma! Mavuno yakiisha Daudi anamchukua! Mmoja wenu atabaki kipofu kwa ajili ya adabu, na mimi nimechoka!"

Mzee Msengi akafunga mdomo. Alikaa akiangalia mbele na lile jicho lake la ukungu, kama anasoma kitu kwenye kioo cha gari. Kisha akachukua kibegi chake, akashuka kwa fimbo, akazunguka nyuma ya gari akiwa ameugeuza uso mbali na ghala, akaondoka zake kuelekea nyumbani. Alipofika mbali kidogo akapaza sauti, hakumtaja mtu, "Mwambieni mwenye nyumba gari halina mtu wa mbele!" Nikamwambia mwenye nyumba. Akapanda. Njia nzima nilikuwa na hasira na huyo mzee, nikidhani amenuna, nikijua kwamba tukirudi nitasikia hotuba ya kuachwa kwake hadi mwaka uishe. Na moyoni nilikuwa na hofu kubwa kuliko hasira, kwa sababu lile jicho lake moja nalo halikuwa na siku nyingi.

Hospitalini walituweka kwenye wodi moja ndefu, kwa kuwa nyingine zilijaa wagonjwa waliotoka kila pembe ya mkoa. Wanawake walikuwa upande wa mlangoni na wanaume upande wa madirisha, bila pazia katikati. Harufu ya dawa, harufu ya maharage, watu wanakohoa. Alasiri nilitoka kwenda kuchota maji, nikamwona mtu amekaa sakafuni mwisho wa ukumbi, koti lake limejaa maganda ya vitunguu. "Babu!" nikasema. Akaweka kidole mdomoni haraka. Nikachuchumaa. Akaninong'oneza sikioni, na mdomo wake ulinuka vitunguu, kwamba alibebwa kwa baiskeli hadi barabara kuu, akalipata lori lililotoka Misigiri na shehena ya vitunguu, akapanda juu ya magunia. "Ameshapasuliwa?" akauliza. Nikamwambia bado, ni kesho. "Basi mimi sipo. Akisikia sauti yangu atajua, na akijua atatoka. Kwa hiyo nimekuwa bubu. Wewe ndiye utanisemea." Nikamwuliza kama hajachoka kunifanya mbuzi wa kupitishia maneno. Akanitazama bila kujibu. Ububu ulikuwa umeshaanza.

Na kweli alinyamaza, Mzee Msengi yule. Nesi alipomwuliza jina, nilijibu mimi kwa kunong'ona. "Huyu babu ni bubu?" akaniuliza. Nikasema ndiyo, na naona nilisema kwa raha kupita kiasi. Walipoletewa ugali na maharage yasiyo na chumvi, nilimwona akiyaonja, akaweka kijiko chini, shingo ikamjaa maneno, akayameza pamoja na maharage. Kitanda cha jirani alikuwepo mzee mmoja wa Ikungi aliyeanza kuhutubia wodi nzima kuhusu haki za wazee, na alikuwa anakosea kila kitu. Mzee Msengi alilikamata blanketi kwa mikono miwili, akalikunja, akalikunjua, jasho linamtoka. Kitanda cha tatu kutoka mlangoni Bibi Naomi alikuwa anatafuna karanga na kumsifu mzee wa Ikungi kwa kuongea vizuri. Mimi niliketi katikati, nikicheka ndani na kukereka ndani kwa wakati mmoja. Nilijiuliza kama kuna kazi nyingine duniani ambapo mtu analipwa kulinda watu wawili wasijue kuwa wamo chumba kimoja.

Siku iliyofuata walipasuliwa, kila mmoja jicho moja. Walipotoka wamefungwa bandeji, nesi mmoja mwenye haraka aliwapanga mstari kuwarudisha wodini, kila mgonjwa ameweka mkono begani kwa aliye mbele yake. Nilikuwa nimesimama na mtungi wa maji nikamwona anaushika mkono wa Bibi Naomi, anaupeleka kwenye bega la mtu aliye mbele yake, na mtu huyo ni Mzee Msengi. Hakuna aliyewahi kunifundisha la kufanya hapo. Niliacha mtungi, nikaruka, nikajipenyeza katikati yao, mkono wa bibi ukatua begani kwangu, na mimi nikashika bega la mzee. Lilikuwa gumu kama mpini. Alikuwa ameshajua nyuma yake kuna nani. "Wewe!" nesi akanifokea. "Wewe unaona! Unafanya nini kwenye mstari wa vipofu?" Nilitembea ukumbi mzima hatua ndogondogo, mtu mwenye macho mawili mazima katikati ya waliofungwa, watu wa nje wananicheka, na mkono mkavu wa Bibi Naomi umelibana bega langu kwa nguvu ambayo sikuitarajia.

Asubuhi yake ilikuwa ya kufunguliwa bandeji. Nesi alianzia upande wa madirisha, kwa wanaume. Alipomfikia Mzee Msengi, mzee akaziba bandeji kwa viganja vyote viwili, akatikisa kichwa. Nikaenda mbio. "Anaomba awe wa mwisho," nikasema. Nesi akaweka mikono kiunoni. "Bubu amekuambiaje?" Nikamwomba tu, nikambembeleza kwa majina yote ya heshima niliyoyajua, akasonya na kumruka. Kama angefunguliwa pale, kitu cha kwanza ambacho lile jicho lake moja lingekiona ni mama mkwe wake ameketi kitandani, kichwa wazi. Kisha nesi akahamia upande wa wanawake. Bibi Naomi alipofunguliwa hakupiga kelele kama wengine. Alikiangalia kiganja chake, akakigeuza, akavitazama vidole vilivyoungua kimoja kimoja. Kisha akaniinulia uso. "Wewe ndiye Rehema? Mbona umekonda hivi? Kumbe chakula changu ulikuwa huli?" Hiyo ndiyo ilikuwa shukrani yake. Nilianza kulia na yeye akaendelea kunikaripia juu ya mifupa ya shingo.

Nesi akawaambia waliofunguliwa watoke wakakae juani nyuma ya jengo. Bibi alijifunga kanga, akakataa mkono wangu, akatembea mwenyewe. Mlango wa nyuma ulikuwa upande wa madirisha, na njia ya kuufikia ilipita kwenye miguu ya vitanda vya wanaume. Alipokaribia kitanda cha mwisho, ambako Mzee Msengi alikuwa ameketi na bandeji yake, mikono magotini, bubu, bibi alipunguza mwendo. Akaivuta kanga kutoka mabegani, akajifunika kichwa hadi puani, akageuza uso ukutani, akapita ubavuubavu, vilevile anavyopita kwenye vichaka vya kwao. Hapo ndipo nilipojua kwamba alijua. Tangu lini, sikuwahi kumwuliza. Aliishi miaka mingi baada ya hapo kwenye tembe yake, Daudi alikuja baada ya mavuno akarudi Tabora na gunia la uwele badala ya mama, na neno juu ya siku ile halikumtoka.

Nilimfikisha juani nikarudi. Wodi ilikuwa imebaki tupu, mashuka yamevurugika, nesi anakusanya vibakuli upande wa pili. Nilikaa kitandani kando ya Mzee Msengi. Alinisikia, akainamisha kichwa upande wangu, na sauti yake ilipotoka ilikuwa imekauka kwa kutotumika.

"Ameshatoka?"

"Ameshatoka, babu."

"Anaona?"

"Anaona. Amesema nimekonda."

Alivuta pumzi ndefu, akaiachia. Akaondoa mikono magotini, akauinua uso wake uliofungwa kuelekea madirishani, kulikokuwa na mwanga.

"Haya. Mwite nesi aje anifungue na mimi."